Mapigo Manane ya Donatus Kamili

Jumapili, 4 Juni 1972

Leo nimepanda jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na kazi yangu ilikuwa kushika. Sikuimba wala sikucheza. Nilisimama nyuma ya mpiga besi, nikakishika chombo ambacho kwa wakati huo hakitumii.

Kinu Jazi ni bendi ya wafanyakazi wa kinu cha kuchambulia pamba hapa Shinyanga. Mimi ni mpiga taipu wa ofisi, miezi sita tu tangu nimalize kidato cha nne Tabora. Kiongozi wa bendi ni Bwana Maige, mpiga drams. Ijumaa alikuja mezani kwangu akasema anahitaji mtu mwenye akili na asiye mlevi. Nilidhani ananisifu. Baadaye nikaambiwa kwamba walionitangulia wote walikuwa walevi.

Mpiga besi anaitwa Donatus Kamili, mtu wa Ushirombo, umri wa baba yangu, mwendesha mashine kinuni. Ana besi mbili. Moja ni gitaa la umeme, jekundu na jembamba, hulining'iniza begani kwa mkanda. Nyingine ni besi kubwa ya mbao, ya kusimama, ndefu kuliko mimi, aliyopewa na mapadre waliomfundisha. Ikiteremshwa kwenye lori, watu wa uwanjani hupiga kelele: "Nani kafa?" Wanaiita jeneza. Donatus hageuki.

Wimbo wao mkubwa ni "Samuye Naja". Unaanza na gitaa la umeme, watu wanatimua vumbi, halafu katikati bendi nzima inanyamaza. Mapigo manane, hakuna anayegusa chochote. Katika mapigo hayo Donatus anavua mkanda, ananipa gitaa, nami ninampa besi kubwa. Pigo la tisa ni lake peke yake, kwenye mbao, na wengine wote wanaingia juu yake. Leo nilichelewa kuachia. Aliingia palepale panapotakiwa huku mkono wangu bado uko kwenye shingo ya besi.

Jumatano, 7 Juni

Asubuhi nilimwamkia mlangoni mwa kinu, "Shikamoo Mzee Donatus." Akapita. Ana kiburi.

Jumapili, 11 Juni

Dansi la mchana tena. Ameniwekea sharti geni. Anapopiga gitaa la umeme, besi kubwa niisimamishe nyuma yake, bega la besi liguse mgongo wake. Si kusogea karibu tu, liguse. Nilipolegeza mkono akarudi nyuma nusu hatua kuitafuta, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Nilimuuliza Ngassa, mpiga gitaa la solo, maana yake ni nini.

"Ndiyo dawa yake hiyo," akasema. "Wacheza ngoma wa kwetu hujipaka. Yeye hujiegemeza."

"Msomi wa misheni anatumia dawa?"

"Kwani wewe uliyesoma Tabora hukujifunga hirizi wakati wa mtihani?"

Bibi yangu Zipora alinifungia moja kiunoni, na nilifaulu.

Jumatatu, 19 Juni

Msimu umefunguka. Malori yanaingia usiku na mchana, na pamba imenasa kwenye miiba ya ua wa kinu, kwenye nywele, kwenye mashine yangu ya taipu. Asubuhi ni baridi kali, mchana ni upepo.

Jumapili, 9 Julai

Tumetoka Samuye, na sina furaha.

Tulialikwa na wakulima. Bwana Maige aliamua besi kubwa ibaki, kwa sababu wakati wa kurudi lori lingebeba marobota. "Gitaa linatosha," akasema. "Dunia nzima siku hizi inapiga gitaa." Donatus hakubisha. Alinitazama mara moja, akapanda.

Sijawahi kuona mtu akipotea akiwa amesimama mahali pamoja. Mara mbili aliingia akiwa nyuma kwa pigo zima. Kwenye "Samuye Naja", mbele ya watu wa Samuye wenyewe, mapigo manane yalipokwisha hakuingia kabisa mpaka Bwana Maige alipompigia kelele. Watu walicheka. Bibi Zipora alikuwepo, kapanda juu ya kinu cha kutwangia ili aone vizuri. Aliniuliza kwa Kisukuma kama yule mzee ni mgonjwa.

Nilikuwa nyuma yake mikono mitupu, sina cha kushika.

Jumatatu, 10 Julai

Bwana Maige amenipa barua niipige taipu. Inakwenda kwa kijana wa Mwanza mwenye gitaa lake mwenyewe la besi. Ajiunge nasi mwisho wa msimu. "Mpiga besi wetu wa sasa amechoka," ndivyo alivyosema, ndivyo nilivyoandika. Vidole vyangu havikukosea hata herufi moja. Nilijichukia kwa jinsi barua ilivyotoka safi.

Alhamisi, 20 Julai

Nimejua.

Nilitumwa kinuni kupeleka karatasi. Ndani mle hakuna anayesema. Watu wanaongea kwa mikono na kwa midomo, na kelele za mashine unazisikia kwa meno. Ilikuwa saa ya chakula, wengi wametoka, lakini mashine ya mwisho ilikuwa bado inazunguka. Kando yake, nyuma ya rundo la mbegu, Donatus alikuwa amekaa na besi kubwa. Alikuwa anapiga. Sikusikia hata uzi mmoja. Alikuwa ameegemeza taya lake kwenye shingo ya mbao na kufumba macho.

Nikaita. Nikaita tena, kwa sauti yote niliyonayo. Kisha nikatembea mpaka kivuli changu kikamfikia miguuni. Akafumbua macho.

Tulitoka nje, tukakaa ukutani palipo na kivuli. Alinitazama mdomoni.

"Tangu lini, mzee?"

"Sikio la kulia limekufa mwaka ilipoletwa mashine mpya. La kushoto linasikia mtu akiwa mbele yangu, pakiwa kimya. Jukwaani yote ni upepo tu. Sijui lipi langu, lipi la Ngassa."

"Na besi kubwa?"

Badala ya kujibu aliniambia nizibe masikio. Pamba haikosekani pale. Nikaokota mafumba mawili, nikayasokomeza barabara. Akanisogezea shingo ya besi, nikaegemeza taya kama yeye, akavuta uzi mmoja. Ulinipita kwenye jino, ukashuka shingoni, ukakaa kifuani. Halafu akavuta wa pili, na niliujua kuwa ni wa pili.

Kwa hiyo si dawa. Akipiga gitaa la umeme, spika inatikisa tumbo la besi kubwa, na besi kubwa inamwambia mgongoni kile alichopiga. Mimi nilikuwa nimeshika sikio lake wiki zote hizi, nikidhani nimeshika jeneza.

Na ile shikamoo! Nilimwamkia kutoka nyuma.

"Usimwambie Maige," akasema. "Mpiga muziki asiyesikia atapewa kazi gani? Kufagia jukwaa?"

Nimeahidi. Ile barua imekwisha kwenda Mwanza.

Jumapili, 6 Agosti

Amekubali kunieleza anavyohesabu yale mapigo manane, maana hapo hata besi kubwa haimwambii kitu. Yako kwenye miguu. Padre alimfundisha kuhesabu kimya kwa kutembea: alimzungusha ukumbini hatua nane, na kwenye ya tisa apige. Walifanya hivyo miaka miwili. Sasa hatembei tena, lakini ukimtazama vidole vya miguu ndani ya viatu utaviona vikipokezana. Leo nilivitazama. Vya kushoto, vya kulia, vya kushoto. Ngozi ya kiatu inainuka na kushuka, mkanda unavuliwa, mkono unakuja, na pigo la tisa linamkuta amekwisha fika, anasubiri.

Nimesoma na watu wengi wenye akili. Sijamwona mwingine aliyejitengenezea njia ya namna hii ndani ya mwili wake, asimwambie mtu, asilalamike, na Jumapili akavaa shati lililopigwa pasi.

Jumanne, 15 Agosti

Upepo. Taipu imejaa mchanga.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimeanza kutembea hatua nane kutoka mlangoni mwa ofisi hadi mezani kwangu. Esta wa mapokezi ameniuliza kama nimeposwa.

Jumatano, 6 Septemba

Kijana wa Mwanza amejibu. Anafika tarehe mosi Oktoba. Bwana Maige aliisoma barua akiwa amesimama kando yangu, akaikunja mara nne.

"Safari ya Kahama ndiyo itakuwa ya mwisho kwa Donatus," akasema. "Ataagwa vizuri."

"Bwana Maige, amekosea mara moja tu. Samuye."

"Karani, unajua nimepiga na Donatus miaka mingapi? Kumi na moja. Unadhani napenda?" Akaondoka. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la watu wasio na moyo. Leo sina hakika. Lakini barua ni barua.

Jumatatu, 18 Septemba

Kahama ni Jumapili hii, sherehe ya kufunga ununuzi wa pamba, uwanja wa Nyahanga. Haitakuwa dansi, ni mashindano, na yatafanywa kwa desturi ya ngoma za kwetu: malori mawili yanakabiliana uwanjani, bendi mbili zinapiga kwa wakati mmoja, na watu wanahamia upande wanaoupenda. Hakuna jaji. Mwisho wake unaonekana kwa macho, nani kabaki na watu.

Wapinzani wetu ni Nyahanga Jazi. Ngassa anasema wana spika nne.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimefanya kosa ambalo sitalisahau, na nililifanya kwa mapenzi.

Jana kwenye mazoezi besi kubwa ilitoa sauti iliyolala. Donatus mwenyewe alikunja uso. Usiku mzima nilifikiria. Kwa bibi, ngoma ikilala huanikwa juani au husogezwa motoni, ngozi ikakaza, sauti ikaamka. Nimeona jambo hilo tangu nina miaka mitatu. Kwa hiyo leo, Donatus akiwa kwenye zamu, nilifungua stoo ya bendi, nikaitoa besi, nikaiegemeza kwenye ukuta unaotazama jua. Niliifuta vumbi. Niliipaka hata samli kidogo mabegani, kama bibi anavyopaka ngoma. Nikarudi kazini nikijisikia mtu wa maana.

Saa nane nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Nilijua kabla sijainuka.

Mgongo wa besi umeachana na ubavu, kutoka begani hadi kiunoni. Mkono wangu unaingia. Ndani kuna giza na harufu ya kanisa.

Nilimngoja mlangoni mwa kinu, nikahakikisha nimesimama mbele yake ndipo nikasema. Sikulia. Nilisema neno moja moja ili asome vizuri mdomo wangu: "Nimeianika juani. Imepasuka. Ni mimi."

Alikwenda kuitazama. Alipitisha kidole kwenye ufa, akakinusa.

"Samli?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya bibi?"

"Ya bibi."

Akatikisa kichwa. "Padre aliniambia niitunze kama maziwa, kivulini. Wewe umeifanya siagi." Halafu akakaa juu ya kreti. Angenitukana, leo ningelala.

Ijumaa, 22 Septemba

Fundi Clemens, atengenezaye vitanda na majeneza, amepika gundi ya ngozi za ng'ombe tangu alfajiri. Mtaa mzima unanuka. Ameigandisha, akaibana kwa vibao. Anataka siku nne. Tunazo mbili.

"Nikiichukua kesho?"

"Itafunguka."

"Nikiifunga kwa mpira?"

Akafikiri. "Mpira wa tairi la baiskeli? Ukikaza kama unavyofunga gunia? Labda. Lakini haitapendeza, dada."

"Haiendi kupendeza."

Jumatatu, 25 Septemba

Nimelala kwa saa nne tu lakini lazima niandike yote.

Tulifika Nyahanga jana saa saba mchana. Besi kubwa ilikuwa imefungwa vipande vya mpira mweusi kuanzia mabegani hadi kiunoni. Ilipoteremshwa, umati haukuuliza nani kafa. Mtu mmoja alipaza sauti: "Hee! Maiti kavunjika mbavu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bwana Maige akanijia.

"Hiyo irudi kwenye lori. Tunatia aibu."

"Isipopanda yeye hapigi," nikasema. Sijui ujasiri nilitoa wapi.

"Nani kasema?"

"Mimi mshikaji." Nikaipandisha. Hakunizuia, nadhani kwa sababu ya mshangao.

Lori la wapinzani lilikuwa hatua sitini mbele yetu. Walipoanza, nilielewa kwa nini watu hujipaka dawa. Muziki wao ulikuja kama ukuta. Mwendo wao ulikuwa wa haraka kuliko wetu kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kibaya. Ngassa alianza kukimbia. Mwimbaji akamfuata. Nilimwona Bwana Maige, mtu wa miaka ishirini ya drams, akitoa jasho, mguu wake ukivutwa na ngoma ya wapinzani kama mkia wa ndama. Watu walianza kuhama. Kwanza wasichana, halafu wanaume waliokuja na wasichana.

Mtu mmoja tu hakutikisika. Donatus alisimama na gitaa lake jekundu, ile besi iliyofungwa mipira ikimgusa mgongo, nami nimeikumbatia kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nasikia kwenye mbavu zangu kila alichopiga. Kilikuwa palepale. Nyahanga Jazi hawakumfikia. Wangemfikiaje? Mahali pale palipowatesa wenzetu, yeye ameishi miaka miwili, kila saa ya chakula, kando ya mashine.

Ikafika "Samuye Naja". Kikafika kimya.

Lakini kimya hakikuwepo! Tulipoacha kupiga, muziki wa Nyahanga ulijaza nafasi yote. Mapigo yetu manane yalimezwa na mapigo yao. Nikamtazama Ngassa, midomo yake inahesabu na macho yanasema amepotea. Nikamtazama Bwana Maige. Vijiti vyake vilipanda juu mapema, kwenye pigo la sita, vikasimama hewani, na nikaona kwenye uso wake kwamba hajui alipo.

Nikatazama viatu vya Donatus. Kushoto, kulia. Mkanda ukatoka. Gitaa likaja, nikalipokea. Besi nikaiachia. Akaweka taya kwenye mbao, akafumba macho. Kushoto. Kulia.

Pigo la tisa.

Sauti haikuwa nzuri. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo wa mpira. Lakini ilikuwa mahali pake, na vijiti vya Bwana Maige vikashuka pamoja nayo kama mtu aliyeshikwa mkono akivuka mto. Ngassa akaingia. Mwimbaji akaingia. Kuanzia hapo hakuna aliyemsikiliza mwingine isipokuwa yeye. Walimgeukia wote, wakampa umati ubavu, wakashikilia besi ile moja, na wimbo ukatulia.

Halafu Nyahanga Jazi wakaanza kuyumba. Mwendo wao ukasogea kwetu. Niliona wasichana wanarudi, wanaume nyuma yao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama katikati ya uwanja, akatazama huku, akatazama kule, akaja kwetu. Jua lilipopungua nguvu, mbele ya lori la Nyahanga palikuwa na vumbi na mbwa wawili.

Wakati wa kufungasha, Bwana Maige alisimama mbele ya Donatus.

"Ulihesabu vipi na kelele zile?"

"Sikuzisikia."

"Hukuwasikia Nyahanga?"

"Nyahanga sikuwasikia. Wala wewe sikukusikia." Akavuta pumzi. "Tangu mwaka juzi, Maige."

Nilimtazama Bwana Maige, na nilikuwa tayari kumchukia maisha yangu yote.

Ngassa akawahi kusema: "Ina maana matusi yangu yote ya miaka miwili yamepotea bure?"

Donatus alikuwa anamtazama mdomoni. "Hayo nilikuwa nayasoma," akasema. "Nimeyahesabu."

Bwana Maige alicheka mpaka akashika bodi ya lori, kisha nikaona kwamba hacheki tena. Aliinama, akainua besi kubwa upande wa chini, mimi nikashika juu. Marobota mawili ya pamba ya watu yalikuwa yamepangwa kwenye nafasi yake. Akaamuru yashushwe yasogezwe nyuma, besi ilazwe katikati.

Jumanne, 26 Septemba

Barua ya Mwanza, ya pili. Bwana Maige alitembea chumbani akisema, mimi nikipiga taipu. Nafasi haipo tena. Aombwe radhi.

"Sababu niweke ipi, Bwana Maige?"

Akasimama dirishani.

"Andika: mpiga besi wetu hapotei."

Nilikosea herufi mbili, nikaanza upya kwa furaha.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza leo asubuhi, ya dakika kumi, ikanusisha mji wote harufu ya udongo. Fundi Clemens ameondoa vibao alivyoibana upya tuliporudi Kahama. Ufa umeshika, umebaki mstari mweusi kama kovu la tohara ya mbao, ndivyo alivyosema mwenyewe, nikageuza uso. Besi kubwa imehamia kwenye chumba changu cha mafaili, kivulini.

Mazoezi yalikuwa saa tisa. Bwana Maige amebuni jambo. Kabla ya "Samuye Naja" alizungusha gunia dogo la pamba, kila mtu akachukua mafumba mawili akaziba masikio. Ngassa alilalamika kwamba mkewe atafurahi kusikia anajifunza kutosikiliza. Tukaanza, vyombo vikagonga, sauti ikawa upepo, kama alivyoniambia siku ile.

Kimya kikaja. Nikapokea gitaa, nikaachia besi, vidole vyangu vya miguu vikipokezana ndani ya viatu.

Kwenye pigo la tisa tuliingia wawili tu: Donatus kwenye mbao, na mguu wangu kwenye sakafu. Aligeuka. Ubao wa sakafu ulikuwa umemwambia kwamba hakufika peke yake.